Kiti Kilichovikwa Nailoni

Sehemu ya Tisa

Kufuli lilikuwa sakafuni, limevunjika. Mlango wa stoo ulisukumwa, na aliyesimama kizingitini ni Madamu Afriyie, Mwalimu Mkuu, rundo la funguo likining'inia kidoleni mwake. Funguo za nini tena, na kufuli lenyewe ndilo hilo chini?

Ndani, Anti Birago alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu cha rangi ya buluu. Ndani ya kiti alikaa Dufie, mkanda umemzunguka kifuani, nailoni iliyochanwa imetapakaa chini yake.

"Birago," alisema Madamu. "Niambie kwamba naota."

"Huoti, Madamu."

"Basi niambie hiki si kiti cha mgeni."

"Hiki ni kiti. Na huyu ni mtoto. Mimi nimewakutanisha tu."

Wewe uliyekosa wiki iliyopita, shauri yako, lakini sitakuacha njiani. Stoo hiyo ni ya shule ya watoto walemavu ya mji wetu wa Nkwaeso, na imejaa mzigo uliotoka Ujerumani: viti vya magurudumu, magongo, magodoro, shuka, mpaka kalamu za rangi. Vyote vimo kwenye nailoni kama vilivyoshushwa kwenye lori, wiki ya saba sasa. Havijaguswa kwa sababu aliyevitoa hajafika. Kwetu huku zawadi haifunguliwi nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Mwenyewe anakuja, anapewa maji, anaulizwa habari za safari yake, anaikabidhi kwa mkono wake mbele ya wazee, ndipo unapoigusa. Ukitangulia, wewe mlafi, na mlafi hapewi mara mbili.

Aliyetoa ni mwanamke mmoja anayeishi Hamburg, borga, kama tunavyowaita wenzetu wanaorudi kutoka Ulaya na masanduku yenye magurudumu na lugha yetu ya Kitwi iliyoanza kupinda. Jina lake Takyiwaa. Hakuna hapa shuleni aliyewahi kumwona uso. Alisema atakuja Jumamosi, na siku hiyo ya kufuli ilikuwa Jumatatu.

Kungoja mpaka Jumamosi, mtu mzima anaweza. Dufie hakuweza. Mgongo wa mtoto huyu ulipinda kushoto tangu tumboni mwa mama yake, mbavu zikayalalia mapafu. Akilala chali anatafuta pumzi kama aliyebebeshwa gunia. Mtaalamu wa viungo wa hospitali ya mkoa alishasema: huyu akae wima, asilazwe. Sasa atakaaje wima kwenye mkeka? Birago, mlezi wa bweni la wasichana, alikuwa anamwegemeza kwenye magunia ya mchele yaliyojazwa matambara, na magunia yanateleza. Na ilikuwa Januari, harmatani, upepo mkavu wa jangwani, imekuja na vumbi lake, hata sisi wenye migongo iliyonyooka tunakohoa.

Ndiyo maana Birago alichukua mchi wa kutwangia fufu akalipiga kufuli. Mimi nisingeweza kumlaumu, lakini mimi si Mwalimu Mkuu.

"Shikamoo, Madamu," alisema Dufie kutoka kwenye kiti.

"Marahaba." Madamu hakumtazama. Alikuwa anatazama gurudumu, ambalo lilishapata vumbi jekundu.

"Madamu, nikikaa hivi naona dirishani. Naona barabara. Kumbe iko karibu namna hii?"

Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja, ameishi shuleni pale tangu bibi yake amlete mgongoni akiwa wa miaka mitatu, na hakuwahi kujua kwamba barabara inapita nyuma ya stoo. Ukilala kwenye mkeka unaona dari na miguu ya watu. Birago aligeuza uso akajifuta kwa upande wa khanga.

"Sikiliza anavyoongea," alisema. "Sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Umewahi kumsikia hivyo, Madamu?"

"Mtoe."

"Madamu."

"Birago, mtoe, usinifanye niseme mara ya tatu. Umesahau mwaka wa magodoro?"

Birago hakusahau, hakuna aliyesahau. Mwaka ule kanisa moja la ng'ambo lilituma magodoro mapya, na usiku ule ule Madamu Afriyie akawalaza watoto, kwa sababu kulikuwa na baridi naye ana moyo, msinielewe vibaya. Wageni walipofika baadaye kukabidhi, walikuta magodoro yana madoa ya mkojo na moja limetafunwa na panya. Wakatazamana. Wakanong'onezana kwamba mapya yameuzwa sokoni na haya ni makuukuu. Walipiga picha, wakaondoka bila kugusa hata wali. Hawakurudi tena.

"Nusu ya watoto wangu wanalala kwenye mikeka mpaka leo," alisema Madamu, "kwa sababu mimi nilikuwa na huruma ya haraka. Huruma ya haraka, Birago, ndiyo iliyotufikisha hapa. Huyu mama naye akikuta kiti kina vumbi na jasho, atasema nini? Atasema Madamu Afriyie amekodisha viti vya walemavu. Na mwakani hatatuletea kitu."

"Atasema mtoto alikuwa anaumwa, akakalishwa."

"Wewe unamjua?"

"Simjui."

"Basi."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, nitamtoa mimi mwenyewe. Na wewe unajua sijui kumbeba. Nitamvunja mbavu."

Hapo alimpata, maana ilikuwa kweli tupu. Dufie alibebwa kwa namna moja tu, mkono chini ya makalio, mkono wa pili nyuma ya shingo, kifua chake kwenye kifua chako, na pale shuleni mtu wa kumbeba hivyo alikuwa mmoja. Birago alifungua mkanda kutoka tundu la tatu, tundu alilokuwa amelichagua yeye mwenyewe baada ya kujaribu la pili likabana.

"Anti, ngoja kidogo," alisema Dufie. "Kuna mbuzi anavuka."

Walingoja mbuzi akavuka. Hata Madamu alingoja.

Kisha Birago akamwinua. Kwenye kuinua, uzi wa shanga za kiunoni mwa mtoto ulinasa kwenye chuma cha kiti ukakatika, shanga zikamwagika. Watu wazima wawili wakainama kuziokota, mmoja ameshika mtoto, mwingine ameshika funguo, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Jumamosi ni mbali?" Dufie aliuliza begani mwa Birago.

"Si mbali, mama."

"Na wewe ndiye utakayepokea kwa niaba ya wote," alisema Madamu, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Utakaa kwenye kiti hicho hicho mbele ya chifu. Nenda ukajifunze maneno ya kushukuru."

Walipotoka, Madamu Afriyie alibaki. Alifuta gurudumu kwa leso yake ya kanisani, akakirudishia kiti nailoni, akabandika karatasi ya gundi mahali ilipochanika, taratibu, mpaka mtu asiyejua asingejua.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka hadithi ya kucheka ageukie ukurasa wa michezo.

Jumanne upepo ulizidi. Watoto wa darasa la wasioona walisema wanasikia mchanga unavyopiga mabati. Dufie alikuwa anajifunza hotuba yake. "Mama yetu, Mungu akuongezee ulikotoa." Alianza vizuri, akifika "akuongezee" pumzi inakata, anapumzika, anaanza upya. Wenzake wakamtania.

"Dufie, mgeni atarudi Ulaya hujamaliza."

"Nitammalizia kwenye simu," alijibu.

Jumatano alianza kukohoa makamasi ya rangi. Birago alimfunga mgongoni, mtoto wa miaka kumi na moja mgongoni kama kichanga, akampeleka zahanati. Muuguzi alimpa dawa ya vidonge na ya maji, akasema yale yale tunayoyajua: akae wima. Birago alicheka, kicheko kibaya, muuguzi akadhani anadharauliwa.

Alhamisi Birago alikwenda ofisini kwa Madamu na hakubisha hodi.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuomba. Nimekaa naye mapajani usiku wote, nimekuwa mimi ndiyo kiti, mgongo wangu umeisha. Nikisinzia anateleza, akiteleza anakabwa. Nipe kile kiti mpaka Jumamosi asubuhi. Nitakifua kwa maji ya moto. Nitakipaka mafuta. Atakikuta kama kimetoka dukani leo."

 Hapo, wasomaji wangu, Madamu Afriyie akafanya jambo ambalo mimi sikulitegemea. Alichukua simu.

"Nampigia mwenyewe," alisema. "Mwenyewe akiruhusu, ruhusa ni ruhusa, hakuna mzee atakayenilaumu."

Simu haikupatikana. Alipiga tena. Alipiga mchana, alipiga jioni, alipiga Ijumaa mpaka betri ikaisha, akaazima ya mwalimu wa hesabu akapiga kwa hiyo. Mwanamke yule alikuwa angani, kisha alikuwa uwanja wa ndege wa nchi nyingine, kisha angani tena, simu imezimwa.

"Akitua tu," alisema Madamu.

"Na kabla hajatua?"

"Birago, usinisukume nikaanguka. Ni kesho tu. Mtu aliyengoja wiki saba hashindwi kungoja kesho."

Alishindwa. Alfajiri ya Jumamosi, majogoo wa jirani wameshaanza kuwika, Dufie aliomba maji, akanywa mafunda mawili, akasema, "Anti, nimelikumbuka lile neno." Birago akangoja alisikie. Alingoja mpaka kukapambazuka, mtoto yuko mapajani mwake ameegemea kifua chake, mkono chini ya makalio, mkono nyuma ya shingo, na hakutaka kumlaza kwa sababu mtaalamu alisema asilazwe.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeacha kalamu kidogo. Nisameheni.

Madamu Afriyie aliingia bwenini akiwa amevaa nguo yake nyeupe ya sherehe. Aliona, akakaa chini palepale sakafuni na nguo yake nyeupe. Alilia kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Birago hakumfariji. Wakaitwa wazee, akaja Mzee Gyebi, msemaji wa chifu, na fimbo yake, na bibi wawili wa mtaa wanaojua mambo ya misiba.

"Mgeni ameshaanza safari kutoka Kumasi," alisema Madamu. "Mahema yamesimama. Tufanyeje, mzee?"

Mzee Gyebi aliiegemeza fimbo ukutani.

"Aliyetoka mbali hapokewi kwa maiti," alisema. "Anapewa maji, anaketi, anamaliza lililomleta. Akishakula, ndipo anaambiwa nyumba ina msiba. Ndivyo tulivyokuta, na si vibaya. Mtoto hana ndugu wa kumsubiri, bibi yake alishakufa. Fungeni mlango."

Wakafunga. Funguo akazishika Madamu.

"Na wote mvae nyeupe," alisema mzee. "Nisimwone mtu na nyekundu ya msiba."

Birago alivaa nyeupe. Lakini alichana utepe wa kitambaa chekundu, akaufunga kwenye kiwiko cha mkono, akaufunika kwa mkono wa blauzi. Alisema moyoni, wewe mzee una mila zako na mimi nina mtoto wangu.

Ngoma zilipigwa. Gari likaingia. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, hana mikufu ya kiborga wala miwani ya kuficha uso. Aliwasalimia wazee kuanzia kulia kwenda kushoto, kama inavyotakiwa, na watu wakanong'ona, huyu amelelewa. Akapewa maji. Akamwaga matone chini, akanywa yote.

"Huku ni amani," alisema Mzee Gyebi. "Wewe ndiye mwenye safari. Tueleze."

"Ni amani," alijibu Takyiwaa. "Kule ninasafisha nyumba ya wazee. Viti vikibadilishwa, naomba vile vinavyoondolewa. Kimoja nilikinunua. Nimekuja kuvikabidhi, na nimekuja kuwaona watoto."

Alisema "kuwaona watoto" na macho yake tayari yalikuwa yanapita kwenye mistari, uso mmoja baada ya mwingine, kwenye wasichana yanakaa zaidi. Alifika mwisho wa mstari akaanza upya.

Watoto wakaimba wimbo wa kukaribisha. Waliimba wanalia, machozi yanachuruzika mpaka mdomoni, kwa sababu watoto hawakuweza kufichwa jambo hilo, wao ndio walioamka karibu na mkeka ule. Mpiga picha alisogea karibu. Ofisa wa wilaya aliyealikwa alimwinamia mwenzake akasema, "Tazama wanavyolia kwa furaha."

Vitu vikatolewa stoo. Nailoni zikachanwa, makofi yakapigwa, magongo yakapata wenyewe. Kiti cha buluu kililetwa mwisho, bado kimefunikwa. Madamu Afriyie alitoa ishara, na mwalimu akamsukuma mbele mvulana anayeitwa Asiedu, mwenye miguu mifupi, ndiye apokee.

"Hapana," alisema Takyiwaa.

Makofi yakakatika.

"Samahani, Madamu. Huyu ni mtoto mzuri, nitamletea chake. Hiki kina mwenyewe. Hiki ndicho nilichonunua. Nilimwambia fundi wa kule aweke mto mnene ubavu wa kushoto, kwa sababu mgongo unapinda kushoto."

Mwalimu akamrudisha Asiedu mstarini.

"Ningeandika mapema," alisema, na sasa alikuwa anaongea haraka, Kitwi chake hakikupinda hata kidogo. "Niliona aibu. Nilisema nitasema nikiwa mbele yenu, kwa mdomo wangu, mtu asijue kwa simu. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na tisa. Ukoo ukasema huyu si mtu, ni mtoto wa mto, arudishwe majini alikotoka. Mimi nikageukia ukuta. Walipomchukua sikugeuka. Nikaambiwa amerudishwa, nikakimbia nchi. Mwaka jana mama yangu anakufa, ananiambia kwenye simu, hakurudishwa, nilimficha, nikampeleka Nkwaeso. Akanieleza mgongo wake unavyokaa. Anaitwa Dufie. Nimetazama mistari yote mara mbili. Labda nimemsahau sura, ndilo ninalostahili, lakini mgongo ningeujua. Yuko wapi?"

Upepo ulipeperusha mapambo ya hema. Birago alinyanyua mkono kujifuta jasho, na blauzi ikateleza.

Takyiwaa aliuona utepe mwekundu. Ukimweka mtu wa kwetu Hamburg miaka kumi hasahau rangi hiyo ni ya nini.

Wale bibi wawili wa misiba walishaanza kuja. Walikaa mmoja kulia kwake, mmoja kushoto, na kila mmoja akamshika mkono, kwa nguvu, kama wanavyomshika mtu ili asijitupe chini.

"Keti, binti yangu," alisema Mzee Gyebi.

"Nimeketi, mzee."

"Basi tukupe maji."

"Maji nimeshakunywa."

 Mila ya mzee iliishia hapo.

"Lini?" aliuliza Takyiwaa.

"Leo alfajiri," alisema Birago.

Takyiwaa hakupiga kelele. Ningependa kuwaambia alipiga kelele, watu wote pale wangepumua. Alijitoa mikononi mwa wale bibi, akatembea mpaka kwenye kile kiti, akakamata nailoni akaivuta. Ikatoka pale pale ilipobandikwa gundi. Aliitazama gundi. Akapapasa mkanda wa kifuani.

"Hivi vinakuja vimefungwa tundu la mwisho," alisema. "Huu una alama tundu la tatu."

Akaingiza vidole chini ya mto wa kushoto, ule mnene, na vidole vikatoka na ushanga mmoja mweupe wenye mstari wa buluu. Akaushika kwenye kiganja. Shanga hizo alizitunga yeye, akiwa na mimba, kabla mtu yeyote hajamwambia maneno mtoto wa mto. Alidhani zilikwenda majini na mtoto.

"Alikikalia," alisema.

"Alikikalia," alijibu Birago. "Jumatatu."

"Alisema nini?"

"Alisema anaona barabara."

Takyiwaa aligeuka akaitazama barabara aliyojia.  Ndipo sauti yake ilipovunjika, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya hema nilitamani niwe mahali pengine.

"Kama alikaa, nani alimtoa?"

Madamu Afriyie alifungua mdomo. Birago akamtangulia.

"Mimi," alisema, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, nyekundu ile inaonekana sasa na watu wote. "Nilimtoa kwa mikono hii. Hapa hakuna mwingine anayejua kumbeba."

Watu wakaguna. Ofisa wa wilaya akamwambia mpiga picha afunge mashine. Takyiwaa alimtazama mlezi yule kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. Kisha akashika vishikio vya kiti kitupu, akakigeuza, akaanza kukisukuma kuelekea bwenini, magurudumu yanazama kwenye vumbi.

"Twende," alimwambia Birago. "Wewe uliyemtoa ndiye utakayemrudisha. Leo anakaa kwenye kiti chake. Watakaokuja kumuaga mwanangu watamkuta ameketi."

Walifika. Mlango wa bweni ulikuwa umefungwa. Takyiwaa akausukuma, ukakataa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Funguo."

Zilikuwa kidoleni mwa Madamu Afriyie. Alikuja nazo mpaka mlangoni, nguo yake nyeupe bado ina doa la sakafu ya alfajiri. Akachagua ufunguo, akautia kwenye kitasa. Mkono ukasimama.

"Mama Dufie," alisema. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo mwanamke yule. "Kabla sijazungusha ufunguo huu. Huyu Birago amekuambia nusu."